Nyasi Hazijafagiwa

Bweranyange, 14 Mei 1989

Masika yameondoka bila kuaga. Badala ya jua tumepata ukungu unaolala juu ya migomba mpaka saa nne asubuhi. Buni za kwanza zimewiva upande wa chini wa kibanja, hili shamba la nyumbani. Nimemenya ndizi, nikapika, nikala nusu, nusu nikafunika kwenye sufuria sijui kwa ajili ya nani. Tangu mume wangu Rwegasira afe sijajifunza kupika chakula cha mtu mmoja.

Betri za redio zimekwisha. Nimezianika, lakini hakuna jua la kuzianikia.

17 Mei

Mkutano wa kijiji. Naandika yote leo, maana kesho kila mtu atasimulia mkutano wake.

Tulianza na bei ya buni, tukaenda kwenye barabara, kisha mwenyekiti akafika kwenye mengineyo huku akiniangalia kwa hofu. Anajua mengineyo ni mimi. Nikasimama. Nikauliza kwa nini kijana wa hapa mwenye mikono miwili hapati kibarua cha kuchuma kahawa katika kijiji kinacholima kahawa. Nikajijibu mwenyewe, maana ningengoja majibu yao ningezeeka pale pale. Wenye mashamba makubwa wanachukua watu kutoka ng'ambo ya mto. Watu hao hawana vibali, kwa hiyo hawana pa kulalamika. Wanachuma kutwa kwa mkungu wa ndizi na mahali pa kulala. Nikatoa mfano. Nikamtaja shemeji yangu Kahigi, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye vibarua wake wanalala kwenye banda la kahawa pamoja na mbuzi.

Kahigi akasimama, kofia mkononi. Huwa hapandishi sauti, na ndiyo silaha yake.

"Ndugu mwenyekiti, shemeji yangu amesoma sana. Amesoma mpaka amewachukia Wanyarwanda."

Watu wakacheka.

"Siwachukii wao," nikasema. "Nachukia unavyowatumia."

"Mimi nawapa kazi na chakula. Yeye anataka wafukuzwe. Jamani, kati yetu mbaguzi ni nani?"

"Ni yule anayemlaza mtu na mbuzi."

"Mbuzi wangu wanaoga, Mwalimu!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti: "Na wewe Ma Anatolia, si umeolewa hapa kutoka Rugu? Kibali chako kiko wapi?"

Hapo hata mwenyekiti alicheka, na nusura nicheke mimi.

"Kibali changu kimezikwa kwenye kibanja changu," nikasema. "Njoo nikuonyeshe kaburi."

Hapa kwetu hakuna asiyejua maana yake. Mtu anaweza kulima mahali miaka thelathini akaondolewa kwa neno moja, lakini aliyezika mtu wake kwenye kibanja ana mizizi pale kuliko mgomba. Kahigi alivaa kofia yake akaketi.

Nilirudi nyumbani nimeshinda, na hapakuwa na mtu wa kumsimulia.

19 Mei

Nimeandika makala kwa ajili ya gazeti. Nimedai mambo mawili. La kwanza, waajiri wanaotumia watu wasio na vibali wafikishwe mahakamani. La pili, wageni wasio na vibali waandikishwe au warudishwe kwao. Nimeiandika kwa hasira na imetoka vizuri. Kesho naipeleka Kayanga iende na basi la Bukoba.

24 Mei

Ukungu. Nimechuma kikapu kimoja. Nimesoma tena gazeti la mwezi uliopita, mpaka matangazo ya vifo.

2 Juni

Mwanamke mmoja wa kwa Kahigi alikuja kuomba kaa la moto. Alisimama nje ya mlango, hakuingia hata nilipomkaribisha. Mgongoni alibeba mtoto wa kike mwenye kikohozi kama cha mzee.

Nilimuuliza kama ana kibali cha kuishi nchini. Akaniuliza kama nina chumvi.

Nikampa chumvi.

Anaitwa Mukabera. Mume wake ni Harerimana. Mtoto ni Speciose, ana miaka miwili. Kwenye makala yangu nimewaita "nguvukazi isiyo rasmi". Haikunijia kwamba mmoja wao ana kikohozi.

11 Juni

Mukabera amekuwa akija jioni, wakati Harerimana anageuza kahawa kwenye mikeka. Sasa anaingia ndani. Kinyambo chetu na lugha yake vinaelewana, na pale visipoelewana tunatumia Kiswahili, ambacho sote wawili tumekikuta ukubwani.

Leo nilimsomea nakala ya makala. Sina mtu mwingine wa kumsomea. Binti yangu Kemirembe yuko Mwanza, na mara ya mwisho nilipompelekea maandishi yangu alijibu kwamba watoto hawajambo.

Mukabera alisikiliza huku akichambua maharage yangu bila kuombwa. Nilipomaliza akasema, "Hapo uliposema warudishwe, ni mimi?"

"Si wewe. Ni mfumo."

"Huo mfumo unaishi wapi?"

"Kwa Kahigi."

"Basi ni mimi," akasema. "Kwa Kahigi tunaishi sisi."

Nilimweleza kwamba makala inamtetea yeye, kwamba mwajiri akibanwa atalazimika kuandikisha watu wake na kuwalipa kama watu. Nilieleza kwa muda mrefu. Aliitikia kila sentensi kwa heshima, "Eee, waitu," kama mtu anayemsubiri mgeni amalize kunywa ili aoshe kikombe.

15 Juni

Kokuhirwa, mke wa Kahigi, tulikutana kisimani. "Shikamoo, dada," akasema, halafu akaangalia pembeni. Miaka ile tulikuwa tunashona nguo za Krismasi kwa mashine moja. Sasa ananisalimia kama mtu anayelipa kodi.

22 Juni

Vumbi. Hakuna aliyekuja.

26 Juni

Mukabera alikuja. Mtoto halali vizuri, banda lina baridi na moshi wa mbuzi, maana huko wanawasha moto wa kinyesi kufukuza viroboto. Nilimpa blanketi la Rwegasira. Nilisema, "Nitamwandikia katibu kata kuhusu banda hilo." Akasema blanketi linatosha.

3 Julai

Mvua katikati ya kiangazi! Ilishuka alasiri bila onyo, na kahawa ya kijiji kizima iko nje kwenye mikeka. Nilisikia Kahigi akipiga debe, na vibarua wote wakitoka mbio kukunja mikeka. Mimi nina mikeka miwili tu, na bado nililowa mpaka mifupani. Kahawa ikilowa inaota ukungu na haina mnunuzi, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu kwa kukimbilia mikeka.

Nilimwona Mukabera akivuta jamvi pamoja na Harerimana. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Nikajiuliza mtoto yuko na nani.

5 Julai

Speciose amefariki leo asubuhi.

Homa iliyoanza siku ile ya mvua ilipanda usiku wa jana. Alfajiri walimpeleka zahanati kwa miguu, na alikata roho njiani, mgongoni kwa baba yake. Harerimana hakujua. Mukabera aliyekuwa nyuma yao ndiye aliyeona mkono umelegea. Walirudi kimya, na walipopita mbele ya nyumba yangu nilidhani mtoto amelala.

Harerimana alikwenda kwa Kahigi kuomba mahali pa kuzika. Nilimfuata. Kahigi si mnyama, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alikaa kitako aliposikia. Alitoa shuka mpya. Alitoa mbao za kasha. Alimwambia Harerimana apumzike siku ile.

"Na mahali, bwana?" Harerimana akauliza.

"Kule juu ng'ambo ya barabara, kwenye pori la kijiji. Pana nafasi."

"Fisi, bwana."

"Chimbeni kwenda chini sana."

Nikasema mbele ya watu wote kwamba mtoto atazikwa kwenye kibanja changu, upande wa chini wa kaburi la Rwegasira.

Kahigi alinivuta pembeni. "Shemeji, kibanja ni cha ukoo. Unamwingiza nani?"

"Mtoto wa miaka miwili. Atakuibia nini?"

"Yeye hataiba. Tatizo ni atakayekuja kumlilia. Leo atakuja kulia, kesho kupalilia kaburi, kesho kutwa atasema hapa ni kwetu. Wewe ulisema mwenyewe mkutanoni. Kibali kimezikwa."

Nilimtukana.

Tulizika saa tisa. Tulikuwa watu sita na mchungaji.

Baadaye mimi na Mukabera tulikata nyasi kando ya kijito, tukazitandaza sebuleni kwangu. Nyumba yenye msiba hutandikwa nyasi hapa kwetu, na mfiwa hukaa juu yake. Zikiwa bado zimetandikwa, jembe halitoki nje wala kikapu cha buni hakiendi shambani. Msiba ukiwa wa mtu mzima, kilima chote huacha kulima, na watu huja na kuni, maji na ndizi. Siku ya mwisho mfiwa mwenyewe hushika ufagio na kuzitoa nyasi nje, na tangu hapo hakuna tena pole. Anayekuja baada ya nyasi kufagiwa amekuja kwa mambo yake.

6 Julai

Hakuna aliyeacha kazi. Kutoka kwenye nyasi tulisikia mapanga ya kwa Kahigi yakifyeka, na watu wakiitana kwenye mistari ya kahawa. Sauti moja ilikuwa ya Harerimana. Aliitwa kazini alfajiri, kwa kuwa buni zilizoiva haziwezi kusubiri.

Mukabera alikuwa akisikiliza. "Anachuma upande wa juu," akasema. Ndiyo maneno yake ya leo.

9 Julai

Hajaja mtu. Nilichemsha chai ya wageni.

12 Julai

Gazeti limefika Kayanga na Kaijage, katibu kata wetu, ameniletea nakala mwenyewe kwa baiskeli. Alisimama mlangoni, akaona nyasi, akavua viatu kwa adabu, kisha hakuingia. "Hongera, Mwalimu. Wilayani wameisoma. Wamefurahi sana."

Ukurasa wa tano, jina langu kamili, bila neno hata moja kukatwa. Nimeisoma mara tatu. Ni makala nzuri. Ilipotoka mikononi mwangu Speciose alikuwa bado anakohoa.

Nimeiweka chini ya godoro ili Mukabera asiione, kama msichana anayeficha barua ya mvulana.

15 Julai

Leo lazima niandike polepole.

Lori lilikuja asubuhi na kusimama kwenye uwanja wa chama cha msingi. Waliteremka mgambo na afisa wa uhamiaji, kijana wa kutoka mbali, viatu vyake vimeng'aa kuliko kitu chochote kijijini. Kaijage alikuwa na kipaza sauti. Alisoma. Nilimsikia kutoka sebuleni kwangu, na kabla hajamaliza neno la pili nilijua anachosoma. "Wageni wasio na vibali waandikishwe au warudishwe kwao, kama alivyoandika mwananchi mwenzetu, Mwalimu Anatolia."

Nilishuka mbio bila viatu. Walikuwa tayari wanawatoa watu kwenye mistari ya kahawa. Harerimana alikuwa amepanda lori na kikapu chake bado kimefungwa kiunoni, kimejaa buni nyekundu. Mgambo mmoja alimwambia akimwage. Akakimwaga taratibu pembeni ya gurudumu ili buni zisikanyagwe.

Nilimshika Kaijage mkono. "Mbona umesoma sentensi moja? Ile ya kwanza iko wapi, ya waajiri?"

"Nimeiona, Mwalimu."

"Basi isome!"

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "limekuja lori moja tu. Unadhani waliotuma lori hawana mashamba?"

Kahigi alikuwa kando, mikono nyuma. Afisa alimuuliza kama watu wale ni wake. Kahigi akasema wanapita tu, huja kuomba ndizi, yeye hawajui majina. Harerimana alikuwa juu ya lori, hatua chache, anamsikia. Miaka minne amechuma kahawa ya mtu huyo. Sikuwahi kuwa na nafasi nzuri hivi ya kushinda. Mashahidi walikuwepo, serikali ilikuwepo, na mshitakiwa alikuwa amesema uongo mbele yao. Nilifungua mdomo.

Afisa akasema, "Kuna mwanamke mmoja hayupo. Mke wa huyu."

Wakaja kwangu wote, Kahigi nyuma yao.

Mukabera alikuwa amekaa kwenye nyasi, miguu ameinyoosha. Hakuinuka. Afisa alisimama kizingitini.

"Una kibali?"

Alisawazisha nyasi kando yake.

"Umeletwa hapa na nani? Mwajiri wako nani?"

Hapo niliona jambo lote kama linavyoonekana bonde ukungu ukiondoka. Nikisema ni mtu wa Kahigi, nimeshinda ugomvi wangu wote, na Mukabera amethibitishwa kuwa kibarua asiye na kibali. Kahigi ataitwa siku fulani kujibu. Lori linaondoka leo.

"Ni wa kwangu," nikasema.

Kahigi aliinua kichwa.

"Wewe ndiye mwajiri?" afisa akauliza. "Wewe uliyeandika?"

"Mimi. Anafanya kazi kwangu, analala kwangu, amefiwa kwangu. Kaburi liko pale. Niandikeni mimi."

"Basi wewe tutakuita barazani. Yeye anapanda."

Alinyanyua kiatu ili aingie. Kaijage akamshika bega. Sijawahi kumheshimu Kaijage, leo namheshimu.

"Afande, nyumba hii ina msiba. Nyasi hazijafagiwa."

"Nyasi ni sheria?"

"Si sheria. Lakini mimi nitaendelea kuishi hapa wewe ukishaondoka. Sitamtoa mtu kwenye nyasi, na mgambo hawa ni wa hapa, hawatamtoa."

Afisa aliwatazama mgambo. Wote wanne walikuwa wanaangalia vidole vya miguu yao.

"Zinafagiwa lini?"

"Mfiwa mwenyewe ndiye anayejua," Kaijage akasema. "Siku tatu, nne. Zikifagiwa Mwalimu atamleta Kayanga."

Wakaondoka. Lori lilipopita barabara ya juu, Mukabera alitoka nje ya mlango kwa mara ya kwanza tangu tulipotandaza nyasi. Hakupunga mkono. Walikwenda wakimwangalia, naye akiwaangalia, mpaka vumbi likatua.

16 Julai

Usiku mzima nimefikiri, na asubuhi nimemwambia Mukabera: "Usifagie."

20 Julai

Kaijage alipita kwa baiskeli. "Mwalimu, bado?"

"Bado."

"Haya."

27 Julai

"Mwalimu, bado?"

"Bado."

"Msiba mrefu huu."

"Kila mtu analia kwa kadiri yake, katibu."

Alicheka kidogo, akapanda baiskeli.

Kahawa yangu imeiva yote. Nyumba yenye nyasi haichumi. Ningeweza kwenda kuchuma kwa siri upande wa chini, lakini nikionekana na kikapu, msiba wangu ni uongo, na Kaijage hatakuwa na pa kusimama. Kwa hiyo nakaa mlangoni nikiangalia buni zikigeuka kutoka nyekundu kwenda nyeusi. Kwa Kahigi ni vilevile. Hana wachumaji. Vijana wa hapa niliowapigania mkutanoni wameambiwa malipo ni mkungu wa ndizi, wakasema ndizi wanazo kwao.

30 Julai

Nimeitwa baraza la kata. Kosa: kuajiri mgeni asiye na kibali. Nimekiri. Mwajiri wa kwanza katika kata nzima kuhukumiwa kwa kosa hili ni mimi. Kahigi alikuwepo kama mzee wa baraza. Faini nitalipa nikipata buni za kuuza, kama zitabaki.

Nilipotoka nje kijana mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe alikuwa anawataka wote wawe wake." Wenzake wakacheka. Miezi miwili iliyopita niliitwa mbaguzi. Sasa naitwa mwajiri. Ningekuwa na mtu wa kucheka naye, ningecheka.

2 Agosti

Kokuhirwa alikuja kupitia nyuma, kwenye migomba, na mzigo wa kuni kichwani. Aliutua, akaingia, akavua kanga ya kichwa na kukaa juu ya nyasi karibu na Mukabera. Mtu wa kwanza. "Poleni," akasema. Mukabera akamshika mkono, wakakaa hivyo, na mimi nikawa kama mgeni nyumbani kwangu.

Wakati wa kuaga aliniambia ukoo umekaa. Wanasema nimeingiza kaburi la mgeni na ninastahili kurudishwa Rugu. "Kahigi hajasema ndiyo," akasema, "na hajasema hapana."

"Nawe umesema nini?"

"Mimi nimeleta kuni, dada."

6 Agosti

Nyasi zimeanza kunuka. Nilishauri tuongeze mpya juu. Mukabera alinitazama kwa muda mrefu.

"Umewahi kuona nyasi za msiba zikiongezwa?"

"Hapana. Lakini hakuna sheria inayokataza."

Nilikata nyasi mwenyewe, nikazitandaza mwenyewe.

13 Agosti

"Bado?"

"Bado."

Kaijage hakucheka leo. Amesema wilayani wameanza kuuliza.

Nimemwambia Mukabera nitaandika makala ya pili, na hii itakuwa kali kuliko ile. Nitaandika juu ya nyasi, juu ya banda, juu ya Speciose. Nchi nzima itamjua Speciose. Nilikuwa nimesimama, natembea huku na huku, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilihisi damu inatembea.

"Usimwandike," akasema.

"Kwa nini? Hiki ndicho kitakachowagusa."

"Mwalimu." Hajawahi kunikatiza. "Wewe unashindana na shemeji yako. Ulikuwa unashindana naye kabla sijaomba chumvi. Ni vizuri, mshinde. Lakini mimi nimefiwa, na sasa hata sijui kama bado ninalia au ninakusaidia."

Nikamwambia akifagia watamchukua. Akasema anajua. Nikamwambia kaburi liko hapa, hakuna atakayeligusa nikiwa hai. Akasema anajua, na ndiyo sababu anaweza kuliacha. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya mkutano, kwamba hapa pana nafasi, kwamba nyumba ni kubwa, kwamba mimi tangu Juni napika chakula kinachokwisha.

Akasema kwa upole, "Na Harerimana anakula wapi?"

14 Agosti

Tulimenya ndizi pamoja.

16 Agosti

Niliamshwa na sauti ya ufagio.

Sikutoka chumbani. Nililala nikisikiliza. Alianza pembeni mwa ukuta, akaja katikati, akakusanya, akatoa nje kwa mikono, akarudi. Alifagia kama watu wanavyofagia msibani, kwa kurudi nyuma, uso ukielekea ndani. Nilipotoka sakafu ilikuwa tupu na baridi, na ufagio umesimamishwa mlangoni.

Alikuwa kaburini. Alikuwa ameweka matandazo ya majani ya migomba, kama tunavyofanya kwenye mashina ili ardhi isikauke. Blanketi la Rwegasira alikuwa amelikunja akaliweka juu ya kiti. Nililichukua nikamfunga mabegani. Hakukataa.

"Twende Kayanga," nikasema. "Katibu aliahidi kwa jina langu."

"Kayanga nikapandishwe lori la nini? Nimekuja kwa miguu, narudi kwa miguu. Mtu asiye na mtoto mgongoni anatembea haraka."

Nilimsindikiza mpaka njia panda ya bondeni. Huko akaniambia nirudi, buni zinaanguka. Nilitaka kusema neno. Mimi, ambaye mwenyekiti huniogopa kwenye mengineyo, nilisimama njia panda kama ng'ombe. Akasema, "Ubaki salama, mama." Mpaka leo alikuwa akiniita Mwalimu.

Mchana nilimenya ndizi za watu wawili.

17 Agosti

"Mwalimu, bado?"

"Zimefagiwa."

Kaijage alishuka kwenye baiskeli. Aliangalia ndani, akaona sakafu. "Yuko wapi?"

"Amejirudisha."

Alisimama pale akichezea kengele ya baiskeli. "Nitaandika kwamba amerudishwa," akasema. "Watafurahi."

20 Agosti

Nachuma peke yangu. Zilizoanguka naziokota chini, kavu, nyeusi, nusu zimeliwa na wadudu. Makala ya pili sijaandika. Kila nikikaa na kalamu naona sentensi nzuri zinakuja, nami naziacha zipite.

23 Agosti

Kahigi alikuja leo jioni, kwa mlango wa mbele. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi begani mwenyewe, jambo ambalo sijaliona tangu niolewe na kaka yake. Aliutua kizingitini, akavua viatu na kofia.

"Pole na msiba, shemeji."

Mwezi mzima na zaidi tangu tuzike, na ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno hilo mdomoni mwake. Nilimwangalia. Amekonda. Nusu ya kahawa yake imeanguka, nusu inaoza juu ya miti.

"Umekuja kwa lipi?" nikamuuliza.

"Nimekuja kutoa pole." Akageuza kofia mkononi. "Na kama ukipenda, ungeandika tena. Wewe wanakusikiliza. Uandike kwamba serikali iwe na huruma, watu wale waruhusiwe warudi. Hata ukisema ni kwa sababu ya ubaguzi, sawa, sema. Mimi nitatia sahihi."

Miezi mitatu iliyopita ningetoa mwaka mmoja wa maisha yangu kumsikia akisema hivyo. Leo nilitazama sakafu iliyofagiwa, na yeye akafuata macho yangu, akaiona.

"Umechelewa," nikasema. "Nyasi zimefagiwa."

"Nimeona. Lakini nimekuja hata hivyo."

"Mfiwa hayupo."

"Yuko wapi?"

"Ng'ambo ya mto."

"Sasa pole nitampaje, shemeji?"

"Beba mkungu wako umfuate," nikamwambia. "Si mbali. Wenyewe huja kwa miguu."